Tazama ukingo kwanza: eabrashi au brashi ya mkono kwenye helmeti ya vazi

Helmeti ya askari mweupe (stormtrooper, yule mwenye vazi jeupe) wa filamu ya kwanza ya Star Wars, ile ya 1977, ina mistari midogo ya buluu kwenye mirija miwili ya mashavuni. Watazamaji wengi wameiona filamu hiyo mara nyingi bila kuigundua mistari hiyo. Anayeitengeneza helmeti kwa ajili ya vazi lake hawezi kuikwepa. Kupiga msasa kuna utaratibu wake, kupuliza nyeupe kuna utaratibu wake, na mtu mwenye subira atafika. Akifika kwenye mistari ya buluu ndipo anaposimama, helmeti mkononi, na kujiuliza: hapa napuliza kwa eabrashi, ile kalamu inayorusha rangi kwa hewa, au nachora kwa brashi?

Tangu nianze kupaka rangi helmeti za mavazi ya wahusika hapa Dar es Salaam, hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote. Mara nyingi linakuja likiwa limekwisha kujijibu: "Kaka, eabrashi gani ni nzuri ninunue?" Muulizaji ameona video za mafundi wa Marekani na Japani, ameona kompresa mezani na mkono uliovaa glavu ukipita taratibu, na ameshaamini kwamba brashi ni ya anayeanza, eabrashi ni ya aliyefuzu. Imani hiyo inaharibu helmeti nyingi nzuri, ndiyo maana nataka kuijibu kwa kirefu.

Tubaki kwanza na askari mweupe, kwa sababu historia yake inajibu nusu ya swali. Helmeti zake zilitengenezwa Uingereza, huko Twickenham, na Andrew Ainsworth. Bamba la plastiki lilipashwa moto mpaka likalainika, kisha likanyonywa kwa hewa juu ya kalibu likashika umbo. Miaka mingi baadaye helmeti hiyo ilifika mahakamani, katika kesi kati ya kampuni ya Lucasfilm na Ainsworth kuhusu haki za kuinakili. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba helmeti hiyo si sanamu bali ni kifaa kilichotengenezwa kwa matumizi ya filamu. Mawakili waliisoma hukumu hiyo kwa macho yao. Mimi naisoma kwa macho ya fundi rangi. Helmeti zile zilikuwa vifaa vya kazi. Zilihitajika nyingi, ziwe tayari kwa kamera, na alama zake zikapakwa kwa mkono: kijivu kwenye yale maumbo yaliyo chini ya macho ambayo mashabiki huyaita machozi, kijivu kingine kwenye vipande vya pembe nne kichwani, nyeusi ya kuvizungushia, na buluu kwenye mirija.

Ukizitazama picha za karibu za helmeti zilizosalia utaona mkono wa mtu. Mstari mmoja wa buluu ni mnene, jirani yake ni mwembamba. Mwingine umeanza vizuri ukaishia kwa mkia. Mpaka mweusi unaozunguka chozi la kushoto haufanani na wa kulia. Filamu iliyofuata, ya 1980, sehemu ya alama hizo zilibandikwa kwa stika, na tofauti inaonekana mara moja: zimenyooka na zinafanana.

Sasa mchukue mtu aliyefanya kazi yote kwa bidii, akakata stensili kwa kompyuta, akabandika, akapuliza buluu kwa eabrashi. Mistari yake imenyooka kuliko ile ya kwenye filamu. Ndiyo maana helmeti yake inafanana na ya dukani. Amepata usafi, lakini ile sura aliyoipenda akiwa mtoto haipo, naye hajui imepotelea wapi. Imepotelea ukingoni.

Huo ukingo ndio ninaomwomba kila mtu autazame kabla hajagusa chombo chochote. Rangi ya brashi inafika kwenye helmeti ikiwa majimaji. Inasimama pale nywele za brashi zilipoishia, na kabla ya kukauka majimaji hayo yanajivuta, kwa hiyo ukingo wake ni mkali lakini haujanyooka kama rula. Pitisha ukucha taratibu, utahisi kaunene kadogo. Rangi ya eabrashi inafika ikiwa matone madogo mno yaliyobebwa na hewa. Katikati ya mpulizo matone ni mengi, pembeni yanapungua mpaka yanaisha. Ukingo wake wa asili ni kufifia. Ukitaka uwe mkali lazima uwekee tepu au stensili, na hapo ukingo unaoupata ni wa tepu, wala si wa eabrashi.

Kwa hiyo nikiwa na picha ya helmeti ninayoiiga, naikuza kwenye simu na kuuliza alama moja baada ya nyingine: rangi hii inaishaje? Inakatika kwa mkato wa mkono, inakatika kwa mkato wa rula, au inapotea polepole? Mkato wa mkono ni brashi. Mkato wa rula ni tepu, na baada ya tepu unaweza kupuliza kwa chochote, hata kopo la sprei. Kupotea polepole ni eabrashi, na hapo brashi haiwezi kushindana nayo. Sijaona helmeti ya maana isiyokuwa na angalau aina mbili kati ya hizo.

Niliyejifunza kwake kushika brashi hajawahi kupaka helmeti. Ni mzee mmoja wa Temeke aliyelea familia yake kwa kuandika mabango ya maduka na maneno ya nyuma ya malori. Alikuwa na fimbo nyembamba yenye kitambaa kichwani, anaiegemeza ukutani kwa mkono wa kushoto, kisha mkono wa kulia unalala juu yake ukiandika. Nilipomwonyesha nilivyokuwa nachora mstari, alinishika kifundo cha mkono. "Mwanangu, brashi haisukumwi, inavutwa. Na macho usiyaweke kwenye ncha. Yaweke unakokwenda." Ushauri huo wa pili ndio uliobadilisha mistari yangu. Macho yakiwa kwenye ncha, mkono unajirekebisha kila sekunde, na kila rekebisho linabaki kwenye rangi. Macho yakiwa mwisho wa mstari, mkono unakwenda huko wenyewe.

Mstari mmoja wa buluu unakwenda hivi. Helmeti naigeuza kichwa chini, naitega kwenye bakuli lenye taulo, ili mrija wa shavu uwe mbele ya kifua changu na nivute kuelekea kwangu. Mashabiki wanaofuata filamu ya 1977 wamezoea enameli ya Humbrol ya Uingereza, ile ya vikopo vya mililita 14: buluu ni namba 14, kijivu ni namba 5, nyeusi ni namba 85. Chama cha mashabiki cha 501st Legion, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson, kina maelekezo marefu ya namna kila alama inavyopaswa kuonekana, na anayetaka kukubaliwa huko ayasome kabla ya kununua rangi. Usipoipata Humbrol, enameli yoyote nzuri ya kung'aa uliyoichanganya ukafikia rangi ile itafanya kazi.

Rangi ya kopo naikoroga mpaka chini, kwa sababu unga wa rangi hulala. Namimina kidogo kwenye kizibo cha soda, naongeza tone la tapentaini, si zaidi. Brashi ni ya duara, namba 1, yenye nywele ndefu zinazobeba rangi ya kutosha kumaliza mstari mzima. Naichovya mpaka tumbo lake linywe, naizungusha ukingoni mwa kizibo ncha ikusanyike. Kidole cha mwisho kinaegemea plastiki. Ncha inagusa juu ya mrija, nabonyeza mpaka upana ninaoutaka, navuta, nainua. Basi. Mstari unaonekana mbaya kwa muda mfupi, una mifereji ya nywele. Ukiuacha, enameli inajilaza yenyewe na mifereji inapotea. Anayeanza hawezi kuvumilia muda huo. Anarudi juu ya mstari mara ya pili rangi ikiwa imeanza kushika, na hapo ndipo anapouharibu.

Na kama mstari haukunipendeza, naufuta. Hii ndiyo faida ya brashi ambayo video hazisemi. Nyeupe ya chini nimepuliza rangi ya gari, imekauka siku kadhaa, tapentaini haiifanyi kitu. Enameli bado mbichi. Kijiti cha pamba chenye tapentaini kidogo kinauondoa mstari wote na nyeupe inabaki kama ilivyokuwa. Naweza kuchora shavu moja jioni nzima mpaka nitosheke. Kilichopulizwa kwa eabrashi kikaingia chini ya tepu hakikupi nafasi hiyo: nyeupe yako imeshachafuka kwa vumbi la rangi, na kulisafisha ni kurudi kwenye msasa.

Ukitaka kuona enameli na brashi zinaweza kufika wapi, huna haja ya intaneti. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, akipaka enameli ya kung'aa, rangi ya kawaida ya dukani, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini wachoraji waliofuata njia yake bado wako Oysterbay, na ukienda utawaona wakiweka madoa ya chui moja moja kwa ncha ya brashi. Kaa nusu saa utazame mkono tu, usitazame picha. Namna wanavyobeba rangi nyingi kwa mguso mdogo ndiyo hasa inayotakiwa kwenye helmeti.

Hata hivyo, sitaki mtu aondoke akidhani naidharau eabrashi. Ninayo, naipenda, na kuna kazi siwezi kuzifanya bila hiyo. Chombo chenyewe si kipya. Wamarekani Abner Peeler na Charles Burdick walikuwa wakihangaika nacho mwishoni mwa karne ya 19. Nairobi wachoraji wa matatu wameifikisha mbali. Uso wa mwanamuziki ubavuni mwa basi una shavu lisilo na mstari wowote, mwanga unaingia kivulini bila kuona ulipoanzia, na hiyo haitoki kwenye brashi ya namba yoyote. Ngozi haina mipaka.

Helmeti inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ni ya Boba Fett, mwindaji wa kulipwa wa filamu hizohizo za Star Wars. Vazi lake lilianza likiwa jeupe kabisa mwaka 1978, kisha Joe Johnston, aliyelibuni pamoja na Ralph McQuarrie, akalipaka rangi na kulifanya lionekane limepigana vita vingi. Watu waliliona hadharani kwa mara ya kwanza kwenye gwaride la mji wa San Anselmo, California, tarehe 24 Septemba 1978, kabla hata filamu ya 1980 haijatoka. Itazame helmeti hiyo kwa kanuni ya ukingo. Kijani cha kuba, wekundu wa kuzunguka kioo, ile kwaruzo ambayo rangi imebanduka na fedha ikachungulia: hayo yote yanakatika ghafla, kwa umbo lisilo na mpangilio. Rangi iliyobanduka haififii. Ama ipo ama haipo. Halafu tazama mashavuni na chini ya kioo, kwenye uchafu na moshi. Hapo hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema uchafu umeanzia hapa.

Mtu anayetaka kufanya mibanduko ya Boba Fett kwa eabrashi peke yake atapata madoa laini yanayofanana na ukungu wa ukuta. Na mtu anayetaka kufanya moshi kwa brashi peke yake atapata michirizi. Nimewaona wa aina zote mbili, watu wenye mikono mizuri tu, wakilaumu rangi waliyonunua.

Mibanduko hiyo ina njia yake ya zamani, nayo haigharimu. Unapuliza fedha kwanza, inakauka. Unachukua dawa ya meno ya kawaida, unaidonoa kwa kijiti au kipande cha sponji pale unapotaka fedha ionekane. Inaposhika kidogo unapuliza kijani juu yake, kwa mpulizo mwembamba. Kijani kikishakauka unaosha kwa maji na kusugua kwa kidole. Dawa inatoka na kijani kilicho juu yake, fedha inabaki na ukingo uliochanika. Hapo eabrashi na mkono vimefanya kazi moja. Kisha brashi namba 0 inakuja kuongeza mikwaruzo midogo, kwa sababu dawa ya meno haiwezi kutengeneza mstari mwembamba kama unywele.

Kuhusu eabrashi yenyewe, nitasema yale yanayotuhusu sisi wa pwani, maana maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi baridi. Anayeanza achukue ile ya vitendo viwili, kikombe juu, sindano ya milimita 0.3. Vitendo viwili maana yake kitufe ukikibonyeza kinatoa hewa, ukikivuta nyuma kinatoa rangi. Kanuni yake ni kuanza na hewa na kumaliza na hewa: bonyeza, ndipo uvute, rudisha mbele, ndipo uachie. Ukiachia hewa wakati rangi bado iko wazi, tone linabaki kwenye ncha, na mpulizo unaofuata unalirusha kwenye helmeti. Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Kwa alama ndogo mimi natumia shinikizo la hewa la psi 15 hadi 20 na nakaa karibu. Ukikaa karibu na hewa nyingi au rangi nyepesi kupita kiasi, rangi inasukumwa pembeni na kutengeneza vijiguu vya buibui, na vijiguu havina dawa zaidi ya kusubiri vikauke na kupiga msasa.

Halafu kuna joto. Rangi za akriliki za maji zinakauka kwenye ncha ya sindano ukiwa bado unawaza upulize wapi, hasa mchana wa Januari. Tone la dawa ya kuchelewesha kukauka linasaidia, na kufanya kazi alfajiri kunasaidia zaidi. Kuna unyevu pia. Kompresa inabana hewa ya Dar au Mombasa yenye maji mengi, na maji hayo yanatengana ndani ya tangi na bomba. Kama huna chujio la maji karibu na mkono wako, siku moja eabrashi itatema tone la maji katikati ya kivuli ulichokijenga saa nzima. Mwaga maji ya tangi kila unapomaliza kazi. Wakati wa masika rangi za aina ya laka hupata weupe juu yake, unyevu ukinaswa rangi inapokauka; fundi yeyote wa gereji anayepuliza magari atakwambia kwa nini hagusi bunduki yake mvua inaponyesha. Mwulize. Mafundi wa gereji wana elimu kubwa ya rangi ambayo sisi wa mavazi tunaitafuta mbali.

Umeme na kelele navyo ni sehemu ya uamuzi. Nyumba za kupanga zina kuta nyembamba, kompresa ya bei nafuu inanguruma, na watengenezaji wengi wanafanya kazi usiku baada ya ajira zao. Brashi haimuamshi mtoto wa jirani, wala haitegemei LUKU.

Jambo ambalo silisemei kwa upole ni pumzi. Kinachotoka kwenye eabrashi unakivuta. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina, na ile nyeupe ya vumbi haizuii pia. Unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, dirisha wazi na feni inayotoa hewa nje. Rangi za gari za kuchanganya na hadina, zile zinazoitwa 2K, nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Usizipulize chumbani hata kidogo, wala kwenye veranda watoto wakiwepo. Mpelekee helmeti fundi mwenye chumba cha kupulizia, mlipe, wewe ubaki na alama.

Aina ya helmeti nayo inaamua mengi. Iliyochapwa kwa printa ya 3D ina mistari ya tabaka, na mpulizo mwembamba hauifichi. Hapo kazi iko kwenye praima na msasa, namba 400 kwenda 600, kabla hujafikiria alama. Ya faiba inapokea chochote. Ya EVA, ile sponji ya kandambili na mikeka ya watoto, inajikunja ukiivaa, kwa hiyo enameli nene iliyowekwa kwa brashi itapasuka kwenye kona. Huko eabrashi inashinda, kwa matabaka mengi membamba ya akriliki inayonyumbulika, na brashi inabaki kwa vitu vidogo kama misumari na herufi. Kuna pia wanaoanza na helmeti ya zamani ya bodaboda, wanaongeza vipande juu yake na kupaka. Ni msingi mzuri wa vazi. Lakini thina na baadhi ya rangi hudhoofisha ganda la plastiki bila kuonyesha ufa wowote, kwa hiyo ikishapakwa isirudi barabarani kichwani mwa mtu. Iandike kwa ndani, kwa herufi kubwa, kwamba ni ya vazi tu.

Kwa kazi ya tepu, ambayo nimeipita haraka, kuna siri moja tu inayostahili. Ukishabandika tepu, puliza kwanza rangi ileile iliyo chini yake, au vanishi isiyo na rangi. Hiyo ndiyo itakayovuja kwenye mianya na kuiziba, na kwa kuwa ni rangi ileile haitaonekana. Rangi ya alama ukiipuliza baada ya hapo haina pa kupita. Bandua tepu rangi ikiwa haijakomaa, kwa kuivuta kuirudia yenyewe.

Na usipulize laka juu ya enameli. Thina kali ya laka inaingia ndani ya enameli na kuikunja, na alama zote ulizochora zinanyanyuka. Kama unataka kufunga kazi ya enameli, iache ikauke kweli, wiki nzima ikiwezekana, kisha tumia vanishi ya akriliki ya maji, nyepesi, mipulizo miwili au mitatu ya mbali. Kwenye askari mweupe naomba usimtie vanishi isiyong'aa, yule anang'aa. Boba Fett ndiye wa kufifishwa.

Niliyemtaja mwanzoni, anayeuliza anunue eabrashi gani, kwa kawaida ana fedha ya kitu kimoja. Ninamwambia anunue brashi tatu nzuri, namba 1, namba 0 na moja ya nywele ndefu za kuchorea mistari, pamoja na makopo ya sprei ya gari kwa rangi za chini. Brashi nzuri ni ile ambayo ukiilowesha na kuikung'uta inarudi kwenye ncha moja. Jaribu dukani kabla ya kulipa. Nywele za mnyama zinabeba enameli vizuri, za plastiki zinavumilia akriliki. Osha kwa tapentaini, kisha kwa sabuni ya mche na maji ya vuguvugu, irudishe ncha kwa vidole, ilaze au uisimamishe nywele zikiwa juu. Atapata helmeti yenye alama zilizo hai, na moshi wa mashavuni ataufanya kwa unga wa chaki kavu uliosagwa na kusuguliwa kwa brashi laini, jambo linalokaribia sana eabrashi kwa mtu anayetazama kwa umbali wa hatua mbili.

Akishamaliza helmeti kadhaa hivyo, na akaona kwamba kinachomzuia ni vivuli na si mistari, ndipo wakati wa kompresa. Wakati huo anunue yenye tangi na chujio la maji, hata kama itabidi asubiri zaidi, maana hewa isiyo na tangi inakuja kwa mapigo na mapigo hayo yanaonekana kwenye rangi. Eabrashi yenyewe inaweza kuwa ya bei ya kati, mradi sindano na pua yake ya vipuri vinapatikana. Aulize hilo kwa muuzaji kabla ya jambo jingine lolote, kwa sababu sindano itapinda.